Kijiko cha Jodari

Sualin anaweka kijiko kimoja cha jodari wa kopo
juu ya kadi nyeupe, ukubwa wa kiganja,
anabonyeza saa, anachuchumaa.
Mimi naandika. Kazi yangu ni kalamu
na kunyamaza.

Dakika ya pili, msituni, Sabah, juu ya Mto Segama:
kasisimizi kembamba, rangi ya chai ya jana,
kameonja, kamekimbia kuita wenzake.
Dakika ya saba wamefika sitini,
wanamega samaki kama wageni wenye basi la kuwahi.
Dakika ya ishirini na moja wanatokea wenye vichwa,
vichwa kama maharagwe juu ya miili ya ufuta,
na wale wa kwanza wanaondoka bila kuzika.
Kutangulia si kufika, naandika pembeni,
kisha nafuta: safu ile ni ya hesabu tu.

Usiku tunarudi na taa za vipajini.
Sungusungu warefu kama pingili ya kidole changu
wanashuka na shina la mseraya,
hawana ugomvi na mtu; zamu yao imeingia.
Chini ya jani moja lililooza nimehesabu aina tano.
Juu, ndani ya kangaga lililokaa tawini kama kikapu,
Sualin amepata kumi na tatu,
kila moja na mlango wake.

Nisidanganye. Wanauana pia.
Alfajiri tumekuta vichwa bila miili
vimeng'ata miguu isiyo na mwenyewe.
Lakini anayeshinda hapa hushindwa hatua tatu mbele,
penye kivuli kingine, unyevu mwingine, saa nyingine.

Kilomita nne kutoka hapo, michikichi.
Mstari, mstari, mstari,
kama daftari la mtoto anayeogopa mwalimu.
Gimbad, baba yake Sualin, aliendesha tingatinga hapa
mwaka aliozaliwa binti yake.
Magogo yalilipa ada, anasema Sualin,
na ada ikanifundisha kuhesabu alichong'oa baba.
Anasema huku anacheka. Hilo siliandiki.

Kadi ileile, kijiko kilekile.
Sekunde ya arobaini: wa manjano, miguu mirefu,
mwendo wa mtu aliyeshtuliwa usingizini.
Dakika ya tano: wa manjano.
Ya ishirini: wa manjano, mia tatu na kitu, nikaacha.
Nawasubiri wenye vichwa.
Ardhi inaniunguza magoti,
kipimajoto kinasema arobaini na mbili,
samaki amekauka kingo kama gundi.
Hakuna anayekuja kumwondoa aliyetangulia.
Aliyetangulia amefika,
na kesho ndiye atakayetangulia tena.

"Wameshinda," nasema.
Sualin anafuta jasho kwa mkono wa shati.
"Wameshindana na nani?"
Anauliza kama anayeuliza bei.

Jioni Gimbad anakuja kutuchukua kwa pikapu.
Leo mmepata nini?
Sualin anampa karatasi mbili.
Ya msituni imejaa, majina yamebanana hadi ukingoni,
mwandiko wangu mbaya, mishale, alama za kuuliza,
doa la mafuta ya jodari.
Ya michikichini ni safi: jina moja,
na chini yake kama hapo juu,
kama hapo juu,
kama hapo juu.

Gimbad anaishika hii ya pili kwa muda,
injini inanguruma, mkono mmoja kwenye usukani.
"Hii," anasema, "inasomeka vizuri."

Hatumjibu.
Tunapita mistari, mistari, vumbi linaingia mdomoni,
hadi mchikichi wa mwisho kabla ya lango,
na hapo, kwenye kwapa la makuti,
kangaga moja, kubwa kama beseni la kufulia.

Sualin anapiga paa la gari kwa kiganja.
Simama.
Tayari anafungua kopo.